Umehamia Texas na gari lako? Lisajili hivi

Haya jamani karibuni, video hii ni ya wewe uliyehamia Texas na gari bado lina namba za Ohio au Maine au kokote ulikotoka. Una siku 30 tu za kulisajili, kwa hiyo nifuateni taratibu.

Anza na bima. Wapigie wakuhamishie iwe ya Texas, kiwango cha chini ni 30/60/25, yaani dola elfu 30 kwa majeruhi mmoja, elfu 60 kwa majeruhi wote wa ajali moja na elfu 25 kwa mali iliyoharibika, na wakutumie karatasi yake uiprinti.

Halafu moshi. Ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi ulifutwa Januari 2025, ila ukiwa Houston, Dallas, Fort Worth au Austin gari la petroli la miaka 2 hadi 24 bado linapimwa moshi, karatasi ya majibu itunze.

Sasa fomu, na hapa tulieni kidogo. Inaitwa 130-U, unaipakua bure kwenye tovuti ya TxDMV, ile idara ya magari ya Texas, oneni hapa kwenye skrini. Huku juu kama taito, yaani hati ya umiliki wa gari, unayo mkononi weka tiki kwenye taito na usajili, kama gari bado lina mkopo na taito anayo aliyekukopesha weka tiki kwenye usajili peke yake, usiogope, namba utapewa tu. Halafu VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, toka nje ukaisome kwenye gari lenyewe, chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, ni herufi na tarakimu 17, na humo hakunaga herufi O wala I, ukiona kama O ujue ni sifuri. Maili andika bila desimali.

Ukimaliza nenda ofisi ya kodi ya kaunti yako, sio DPS, DPS ni ya leseni na hiyo una siku 90. Beba kitambulisho ambacho hakijaisha muda. Utalipa kodi ya mkazi mpya dola 90, taito 28 au 33 inategemea kaunti, usajili wa gari dogo 50.75, na vinyongeza vingine. Gari la umeme linaongezewa 200 kila mwaka, mjipange.

Na wewe ambaye Kiingereza cha maofisini bado kinakupa shida, nenda tu ndugu yangu, fomu ikishajazwa vizuri maneno yanakuwa machache sana pale dirishani.

Utapewa pleti mbili, funga mbele na nyuma. Stika inakaa ndani ya kioo cha mbele, kona ya chini upande wa dereva, ila futa kioo kwanza kikauke kabisa ndo ubandike.