Mikono Pekee au na Pumzi? Kwanza Jua Moyo Umesimamishwa na Nini

Ndugu zangu mnaofanya kazi ufukweni, mmeniuliza: siku hizi watu wanaambiwa wakimwokoa mtu ambaye moyo umesimama wakandamize kifua tu, je, kumpulizia pumzi mdomoni kumefutwa? Hakujafutwa. Kila njia ina mgonjwa wake.

Mtu mzima akianguka ghafla nchi kavu, mara nyingi moyo ndio uliotangulia kusimama. Muda mfupi kabla alikuwa akipumua, hivyo damu yake ina oksijeni ya dakika chache. Iliyokosekana ni pampu. Hapo mikono pekee yatosha kuanzia. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kifua kibonyee sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha kiache kiinuke kabisa; ukikiegemea, moyo haujai. Ushauri huu kwa wapita njia Chama cha Moyo cha Marekani kiliutoa mwaka 2008. Sababu ni kwamba asiyezoea kupuliza huhangaika na mdomo, mikono imesimama, na shinikizo la damu iendayo kwenye moyo wenyewe linaporomoka. Kulipandisha tena kwahitaji mikandamizo kadhaa.

Aliyezama ni kinyume chake. Moyo wake uliendelea kupiga huku oksijeni ikiisha, ndipo ukasimama. Ukikandamiza tu, unazungusha damu isiyobeba kitu. Anza na pumzi: miongozo ya Ulaya husema 5, ya Marekani 2. Halafu mikandamizo 30, pumzi 2, bila kusita zaidi ya sekunde 10. Mtoto aliyeishiwa pumzi naye anazihitaji.

Laza kichwa nyuma, inua kidevu, bana pua, puliza kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinapanda, basi. Ukipuliza kwa pupa hewa huingia tumboni, naye atatapika. Kifua kisipopanda, rekebisha kichwa, usiongeze nguvu. Povu la mdomoni lisikupotezee muda. Na ule mtindo wa kumbana tumbo au kumning'iniza miguu juu ili maji yatoke, acheni: unakula dakika na kuleta matapishi.

Anayehema kwa kwikwi, kama samaki aliyetupwa mchangani, hapumui. Anzeni. Mnaokandamiza mpokezane kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hajahisi. Asiyeweza kupuliza akandamize hivyohivyo, hata kwa aliyezama, mpaka anayeweza afike.