Uchovu wa Tiba ya Homoni na Kidonge cha Kuchangamsha: Mhadhara kwa Wagonjwa na Wauguzaji, Mbeya

Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo. Swali la leo linaulizwa sana kliniki. Mtu anachomwa sindano ya homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume, au anameza vidonge vya homoni, tamoksifeni au letrozoli, kwa ajili ya saratani ya titi, na amechoka hadi shamba halifiki. Je, apewe dawa ya kuchangamsha? Kwa wachache, ndiyo, lakini iwe jaribio la muda mfupi, tena baada ya kushughulikia mengine yanayochosha. Tutakaa zaidi kwenye hayo mengine, maana ndiko nafuu nyingi iliko.

Tuanze na damu. Sindano ya goserelini, ile ya 3.6 mg kila mwezi au 10.8 mg kila miezi mitatu, inazima testosteroni, homoni ya kiume. Aliyetolewa korodani naye hali yake ni hiyohiyo. Testosteroni ikishuka, misuli inapungua na uboho unatengeneza chembe nyekundu chache. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, hushuka mara nyingi kwa gramu 1 hadi 2 kwa desilita ndani ya miezi sita ya mwanzo. Hapo ndipo wengi wanapopotea: mgonjwa anaambiwa damu imepungua, anapita dukani kununua vidonge vya madini ya chuma. Kama chuma hakikupungua, atakachopata ni choo kigumu na cheusi. Ipimwe picha kamili ya damu kwanza. Anayetoka Kyela apimwe na malaria, na mkojo wenye damu usifichwe.

La pili ni usingizi. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, mtu analala na blanketi zito. Saa nane usiku joto la homoni linampanda, anatupa blanketi, jasho linapoa mgongoni, anatetemeka, analivuta tena. Ikitokea mara nne kwa usiku, kesho yake atakuwa mchovu hata kama alikaa kitandani saa tisa. Shuka la pamba liguse mwili, juu yake yawekwe mablanketi mepesi mawili au matatu ya kutoa moja moja, na fulana kavu iwe karibu na mto. Pombe za jioni kama ulanzi na komoni huzidisha jasho na kuvunja usingizi. Najua hili halipendwi.

Kisha leteni dawa zote mnazomeza, hata za dukani. Piritoni, amitriptilini, propranololi na dawa kali za maumivu zinachosha. Sonona nayo huja imevaa nguo za uchovu, na wazee wetu hawaisemi. Muulizeni kama bado anafurahia alichokuwa anakipenda. Tezi ya shingo ipimwe pia, hasa kwa kuwa nyanda zetu hizi zina historia ya rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo. Tezi ikifanya kazi kidogo, inachosha. Ikifanya kazi kupita kiasi, dawa tunayokwenda kuizungumzia ni marufuku.

Mazoezi yana ushahidi mzuri kuliko kidonge chochote hapa. Anza dakika kumi za kutembea mahali tambarare, ongeza taratibu hadi dakika 150 kwa wiki. Mara mbili kwa wiki, kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia. Msimpe ndoo ya lita 20: ni kilo 20, na tiba hii hudhoofisha mifupa.

Sasa kidonge. Kinachotumika zaidi ni methilifenideti, wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Inazuia ubongo kurudisha haraka dopamini na noradrenalini, kemikali zake za kuchangamsha, kwa hiyo mtu anakuwa macho zaidi. Haijengi misuli, haiongezi damu. Utafiti mdogo wa wanaume 32 wenye saratani ya tezi dume, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha uchovu kupungua, lakini sita kati ya waliopewa dawa waliachishwa kwa presha au mapigo kupanda. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2024, kwa wagonjwa wa saratani isiyoponyeka, haukuona tofauti ya maana na kidonge kisicho na dawa. Mwongozo wa wataalamu wa saratani wa Marekani wa mwaka huohuo unasema isitolewe kama kawaida. Ndiyo maana tunaiita jaribio.

Daktari akikubali, kabla ya kuanza mgonjwa aandike kila jioni namba ya uchovu, 0 hadi 10, kwa wiki moja. Bila namba hizo hamtajua kama dawa imesaidia au siku zilikuwa nzuri tu. Kawaida huanzwa 5 mg saa moja asubuhi baada ya kula, na 5 mg saa sita mchana. Ale kwanza, kwa sababu dawa inaua hamu ya chakula. Kidonge cha kawaida huanza kazi ndani ya saa moja na kudumu saa tatu hadi tano. Kisimezwe baada ya saa nane mchana, la sivyo usiku utakuwa wa kuhesabu mabati. Chenye kutoa dawa polepole kisisagwe wala kutafunwa. Daktari anaweza kuongeza 5 mg baada ya siku kadhaa. Wiki mbili hadi nne zikipita na namba haijashuka walau mbili, kiachwe.

Presha na mapigo vipimwe kabla, baada ya wiki moja, na kila dozi inapoongezwa. Presha ikifika 160 juu ya 100, au mapigo yakizidi 100 ukiwa umetulia, usimeze kinachofuata, rudi kliniki. Maumivu ya kifua au kuzimia ni hospitali saa hiyohiyo. Anayemeza abirateroni, dawa nyingine ya saratani ya tezi dume, awe mwangalifu zaidi, maana nayo inapandisha presha. Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa mzito wa moyo, presha ya macho au historia ya kuchanganyikiwa akili asipewe.

Msibadilishe kienyeji. Modafinili, kidonge kingine cha kuchangamsha, inaweza kuvuruga ini linavyosaga abirateroni, na bupropioni, dawa ya sonona, inazuia tamoksifeni kugeuzwa kuwa dawa yenye nguvu mwilini. Mirungi ni haramu kisheria, na vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu pamoja na methilifenideti ni kuupiga moyo fimbo mbili.

Dawa hii iko chini ya udhibiti wa kimataifa, haiuzwi bila cheti. Iwekwe mahali pa kufungwa, mbali na wanafunzi wanaokesha kujiandaa na mtihani. Zinazobaki zirudishwe famasi ya hospitali, na lile daftari la namba lije kliniki pamoja na mgonjwa.