Beseni Jeupe Kando ya Kijito

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Asanteni kunikaribisha hapa Moshi tuzungumzie ziara za mazingira kwa watoto wa darasa la tano hadi la saba.

Ziara yangu ya kwanza niliwapeleka msitu wa Rau. Tulisimama chini ya msoo, mti unaopatikana sehemu chache mno duniani, nikahubiri dakika 40 kuhusu chemichemi na uoto. Watoto waliandika kila neno. Nilipouliza kama kuna swali, binti mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, haya yatatoka kwenye mtihani?" Iliniuma, ila alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimehamisha darasa zima msituni, nikaacha ubao tu.

Mtoto wa miaka 12 anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa nyoka. Ukimwuliza mbele ya wenzake 45 atanyamaza hata kama jibu analo. Mweke na wenzake wawili, wape kazi ya mikono, utamsikia.

Siku hizi nabeba mabeseni meupe na machungio ya chai. Tunakwenda kwenye kijito cha karibu, kwa miguu, bila kiingilio wala kukodi basi. Watoto wanavaa mabuti ya mpira na hawakanyagi maji kwa miguu mitupu. Kichocho kipo, na mzazi ametuamini. Wanageuza jiwe taratibu, wanalisuuza ndani ya beseni, wanasubiri. Kwanza huoni kitu. Kisha vumbi linatulia, na kitu chembamba kama uzi kinaanza kutembea: buu lenye mikia mitatu, ubavuni vijani vidogo vinapepea. Hayo ni mashavu yake ya kupumulia. Aina nyingi za mabuu hayo hazivumilii maji machafu.

Hapo ndipo mwalimu anapopata kishawishi cha kueleza yote. Jizuieni, jamani. Mimi nauliza moja tu: "Tukishuka chini ya pale wanapooshea pikipiki, tutawakuta hawa?" Wanabishana, wanaweka dau la heshima, wanakwenda kuhesabu wenyewe.

Marekani, watafiti Marc Stern, Robert Powell na wenzao walifuatilia zaidi ya ziara 300 za watoto wa rika hili. Yapo mengi waliyoandika. Mimi nililoshika ni kwamba mwongozaji akijenga somo juu ya mahali penyewe walipo watoto, somo linaingia. Kwetu mahali hapo hapahitaji kutafutwa mbali. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji wa Wachagga, unaopita kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha bibi yake mtoto ni somo tosha la nani anafungua maji, nani anasubiri zamu, na mlima unatupa nini.

Msikimbilie kurudi shule. Acheni robo saa ya kukaa chini, kila kundi lichore kijito na kuandika idadi ya wadudu juu na chini. Mara ya mwisho, chini ya waosha pikipiki tulipata mabuu mekundu tu, yale yenye damu inayoshika hewa kidogo iliyobaki majini. Binti mmoja aliinua beseni, akalipeleka kwa kijana aliyekuwa anaosha. Sikumtuma. Kijana akazima pampu, akachuchumaa.

"Hawa wekundu ni nini?"

"Shikamoo kaka," akasema binti. "Kaa, nikueleze."