Mnara wa Mashujaa wa Kijiji: Historia Yake na Namna ya Kuujenga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, wajumbe wa halmashauri, akina mama na vijana mliokusanyika hapa, shikamooni.

Mmeniomba nizungumzie mnara wa kumbukumbu ya vita ambao kijiji chenu kinakusudia kuusimamisha kando ya barabara iendayo mwaloni. Nitatanguliza ninachokiamini: thamani ya mnara wa kijiji iko katika majina yaliyoandikwa juu yake, na kila uamuzi wa usanifu, kuanzia kimo hadi aina ya jiwe, unapaswa kuyatumikia majina hayo.

Desturi ya kila kijiji kuwa na mnara wake ilienea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo ilizaliwa na uchungu. Serikali ya huko ilikataza miili ya wanajeshi kurudishwa nyumbani, na tume ya makaburi ya vita iliyoundwa mwaka 1917 ikaamua kwamba waliozikwa ugenini wawekewe mawe ya umbo moja bila kujali cheo wala utajiri. Wazazi waliobaki bila kaburi la kulizuru walichangishana fedha, wakasimamisha msalaba au nguzo pale kijijini, wakachonga majina ya watoto wao, mara nyingi kwa mpangilio wa alfabeti, ili mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa kibarua wafuatane kama herufi zilivyowapanga.

Vita hiyohiyo ilipita hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria. Bukoba ilishambuliwa Juni 1915, na tarehe 14 Julai 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Crewe yaliingia Mwanza, kisha yakashika njia ya Tabora. Magari yalikuwa machache, na katika sehemu nyingi za nchi mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo risasi na chakula cha jeshi vilitwikwa watu vichwani. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika Afrika Mashariki yote, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, wanakadiriwa kufikia 95,000. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wengi wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Ile kanuni ya usawa makaburini haikuwafikia watu hawa. Mwaka 2021 tume ileile ilikiri na kuomba radhi kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wengi wenu mmeiona Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, kazi ya shaba ya James Alexander Stevenson, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani wa nchi hii. Ni kazi ya ustadi mkubwa: askari ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Maandishi yake, yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling na kuwekwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Lakini ukiizunguka sanamu hiyo yote hutakuta hata jina moja la mtu aliyekufa. Kwangu mimi, hilo ndilo pengo ambalo mnara wa kijiji unaweza kuliziba, kwa sababu jiji kubwa haliwezi kuwajua wafu wote, lakini ukoo unawajua wake.

Nafika kwenye vita ambayo baadhi yenu mliishuhudia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, na kabla vita haijaisha Juni 1979, mwambao huu wa kwetu nao uliguswa: mwezi Machi ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza, mabomu yakakosa shabaha na kuua paa kadhaa kisiwani Saanane. Jeshi letu liliongezwa kwa maelfu ya wanamgambo waliotoka vijijini. Wengi wa mashujaa waliokufa walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, na wote tunawaadhimisha kila tarehe 25 Julai kwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua. Zana hizo zinafaa kuchongwa kwenye mnara wenu badala ya bunduki, kwa kuwa zinaeleweka katika kila boma la Usukuma.

Sasa jiwe. Mwanza imekaa juu ya itale, nanyi mnayo miamba mlangoni. Itale ni ngumu kuchonga, inahitaji mashine na fundi mvumilivu, lakini mvua na jua vitaipiga miaka mingi kabla herufi hazijafifia. Saruji yenye nondo zilizokaa karibu na uso hupasuka kutu inapovimba, rangi hubanduka, na kibao cha shaba kina hatari ya kung'olewa usiku kikauzwe kama chuma chakavu. Msijenge kitu kirefu. Ukuta wa kimo cha kifuani, wenye bapa lililosuguliwa, utamwezesha mama kulipapasa jina la mwanawe na mtoto wa darasa la tatu kulisoma bila kuinua shingo. Pandeni mti wa kivuli upande wa magharibi, mbali kiasi cha mizizi yake kutofika kwenye msingi.

Kuhusu mpangilio, singependa mfuate alfabeti wala vyeo. Pangeni kwa vitongoji, na kila jina liende na la baba, kama ukoo unavyolitamka, kwa sababu orodha za wapagazi ziliandikwa na makarani wageni walioyaharibu majina. Mpagazi na askari wawe kwenye bapa moja, aliyebebeshwa mzigo na Mjerumani akae karibu na aliyebebeshwa na Mwingereza. Hakuna kati yao aliyeulizwa achague upande. Waliopigana Burma na Madagascar katika Vita ya Pili wafuate, kisha wa Kagera. Pale ambapo familia inakumbuka kwamba babu alichukuliwa asirudi, lakini jina limepotea, andikeni jina la ukoo na mwaka wa vita.

Kazi ya kwanza, kabla ya kumlipa fundi yeyote, ni kumteua karani katika kila kitongoji aende kwa wazee na wajane, aandike, kisha orodha isomwe kwenye mkutano wa kijiji mara mbili ili makosa yasahihishwe. Theluthi moja ya bapa iachwe bila maandishi, kwa kuwa majina mengine yatajitokeza baada ya uzinduzi, familia zilizohama zitakapopata habari.