Friji haioni mlango, inaona sumaku

NEEMA: Mwangaluka, wasikilizaji wetu wa Igoma, Buhongwa, Nansio na ng'ambo ya Kamanga. Mimi ni Neema, niko na kaka Kulwa, fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani. Leo tunaongelea friji langu la pale Kirumba, hapa Mwanza, lile lenye mashine ya barafu ndani ya friza. Wiki mbili nzima lilinikosesha raha.

KULWA: Anzia mwanzo, dada. Usiruke kitu.

NEEMA: Jumamosi asubuhi nimetoka soko la samaki la Mwaloni na sato wangu wanne. Nafungua friza nichote barafu niwapange kwenye deli, nakuta ndoo ya barafu tupu. Chini kabisa vimebaki vipande vitatu, vimeshikana. Nikadhani maji yalikatika usiku. Nafungua bomba, maji yapo tele. Jioni naangalia tena, bado tupu. Halafu kile kitaa cha mlango pale mbele kinawaka na kuzima, friji linalia ti, ti, ti, kama mtu kaliacha wazi. Na limefungwa!

KULWA: Ukaita fundi.

NEEMA: Nikamwita mmoja wa mtaani. Kaweka mkono nyuma, kasikiliza kompresa, ile mota inayosukuma gesi, kasema gesi imepungua, tujaze, elfu themanini. Nimeshashika simu nimtumie hela, mama akapita na bakuli la nyama aliyoitoa humo humo friza. Kaiweka mezani, ikalia ko!

KULWA: Hiyo nyama ndiyo ilisema kweli. Friza la nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Gesi ikipungua, utaona nyama inalegea, maziwa yanaharibika, kompresa haipumziki. Kama nyama inalia ko, ubaridi upo. Sasa ubaridi upo, maji yapo, barafu hakuna, na friji linalalamika mlango uko wazi. Lisikilize linachosema! Kwenye friji nyingi za aina hiyo, likiamini mlango uko wazi, feni ya ndani inasimama na mashine ya barafu inagoma kuzunguka. Limewekwa hivyo makusudi, mtu asije akanaswa vidole.

NEEMA: Ila wewe ulianza na kile kimkono cha waya.

KULWA: Lazima. Pembeni ya mashine ya barafu kuna kimkono kinachopima ndoo. Ndoo ikijaa, barafu inakinyanyua na mashine inasimama. Mtoto akikisukuma juu kikabaki huko, utasubiri barafu mpaka mwezi uishe. Chako kilikuwa chini, sawasawa. Ndipo nikahamia mlangoni.

NEEMA: Waeleze watu hiyo sensa, kile kifaa kinachotambua mlango umefungwa, ikoje, maana mimi nilikuwa natafuta kitu kikubwa.

KULWA: Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kitufe cha plastiki kinachochomoza kwenye fremu, mlango ukifunga unakibonyeza. Hiyo kila mtu anaiona. Ya pili imejificha nyuma ya plastiki, na ndiyo yako. Ndani yake kuna kichupa cha kioo, urefu wake kama punje mbili za mchele zilizofuatana. Humo kuna vibati viwili vyembamba vinavyokaribiana bila kugusana. Kwenye mlango kuna sumaku. Mlango ukifunga, sumaku inasogea, vibati vinagusana, umeme unapita, friji linajua limefungwa. Kitu hiki kilibuniwa Marekani mwaka 1936, kwenye maabara za Bell za watu wa simu, na Walter Ellwood. Mpaka leo kipo jikoni kwako. Mimi nakipenda sana, maana kioo kimezibwa kabisa, unyevu wa ziwa hauingii.

NEEMA: Kwa hiyo friji halioni mlango.

KULWA: Halioni mlango. Linaona sumaku. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umemaliza. Mlango unaweza kuwa umefungwa kwa macho yako, sumaku ikawa haijafika mahali pake.

NEEMA: Sasa ile ya simu. Nimeshawaonyesha majirani watatu.

KULWA: Simulia wewe.

NEEMA: Aliniambia niwashe kurekodi video, niiegemeze simu kwenye pakiti ya unga ndani ya friji, upande wa juu ambako hakugandishi, nifunge, nihesabu hadi kumi, nifungue. Tukakaa na mama kuangalia. Unaona mlango unakuja, kiza kinaingia pembeni, unasikia mpira unabana, pwa! Na taa bado inawaka. Kumi nzima inawaka, chupa zote zinaonekana. Mama akasema, kumbe humu ndani huwa hakulali.

KULWA: Hapo tukajua friji linaamini liko wazi. Lakini bado hatujui kosa ni la nani: sumaku, sensa, waya au bodi, ile sakiti inayoliongoza friji. Nina sumaku ya spika ya redio mbovu, natembea nayo mfukoni. Mlango ukiwa wazi, nikaipitisha taratibu kwenye plastiki ya juu ya fremu. Kufika karibu na kona ya bawaba, taa ikazima na feni ikaanza kuvuma. Nikaitoa, taa ikawaka. Nikairudisha, ikazima.

NEEMA: Nikajua umeshatengeneza!

KULWA: Hapana, ila nilishapata jibu. Sensa nzima, waya mzima, bodi nzima. Vyote vimeitikia sumaku yangu. Ambaye haitikiwi ni sumaku ya mlango wenyewe. Kwa usalama nilichomoa plagi, nikafungua plastiki, nikapima na multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye ncha za sensa. Bila sumaku, kimya. Nikiweka sumaku, mita inalia piii. Kuna friji zinazofanya kinyume, zinalia bila sumaku na kunyamaza ikifika. Cha kutazama ni kama kuna badiliko. Isipobadilika kabisa, hiyo ndiyo imekufa.

NEEMA: Na kile cha kijani ulichonionyesha?

KULWA: Kutu ya shaba kwenye kiungio cha waya. Kichupa hakiingii unyevu, lakini kiungio kinaingia, na nyumba zetu za karibu na ziwa zina unyevu mwingi. Nikakisugua, nikakikausha. Bado kidogo kingekuja kukusumbua. Wengine tatizo lao ni waya unaopita ndani ya bawaba. Unapinda kila mlango ukifunguliwa, miaka ikipita unakatika ndani kwa ndani. Dalili yake, mlango ukiwa nusu unafanya kazi, ukifika mwisho haufanyi.

NEEMA: Haya, sema kosa langu lilikuwa nini.

KULWA: Nilisimama mbele, mlango umefungwa, unalia ti, ti. Nikaushika chini kwa viganja viwili, nikaunyanyua kidogo tu. Ukanyamaza. Nikauachia, ukaanza tena. Mlango umeshuka! Nilipopima kwa rula, upande wa kitasa ulikuwa chini milimita nne.

NEEMA: Chupa zangu za maji.

KULWA: Chupa tano za lita moja na nusu kwenye rafu ya mlango. Hizo ni kilo saba na nusu, zinaning'inia upande mmoja usiku na mchana, na watoto wanavuta mlango mara ngapi kwa siku. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zimelegea. Sumaku ikashuka pamoja na mlango, vibati havikuihisi tena.

NEEMA: Tukatoa chupa, ukakaza skrubu, ukaongeza wosha, kile kipete cha bati, chini ya bawaba ya chini.

KULWA: Na miguu ya mbele tukaizungusha friji liegemee nyuma kidogo, mlango ujifunge wenyewe ukiuachia. Mpira wa mlango ukausafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Tukabana noti ya elfu moja kwenye mpira, ukaivuta ikakataa kutoka kirahisi, pande zote nne. Mpira mzima.

NEEMA: Kuna msikilizaji kanipigia akasema yeye amegundisha sumaku kwenye sensa moja kwa moja, friji limenyamaza.

KULWA: Ndugu yangu, itoe leo. Naomba. Sasa friji lako linaamini limefungwa hata likiwa wazi. Mtoto akiingiza mkono kwenye mashine ya barafu, inaweza kuzunguka. Mlango ukibaki na upenyo usiku, halitakuamsha, na joto lenye unyevu litaingia mpaka asubuhi upate ukuta wa theluji. Halafu mtu anachukua kisu aubandue! Kisu kikitoboa bomba, gesi yote imekwenda, na hapo ndipo elfu themanini inakuwa kweli. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto. Zima, acha mlango wazi, weka matambara, subiri iyeyuke yenyewe.

NEEMA: Tulichomeka tena saa moja jioni. Uliniambia nisitegemee barafu mapema.

KULWA: Mashine ikiwa imesimama siku nyingi, inaweza kuchukua hata saa 24.

NEEMA: Sikulala vizuri. Saa saba kasoro usiku nikasikia jikoni maji yanaingia, shii, kisha kimya. Saa kumi alfajiri, mama ndiye aliyesikia kwanza. Kaniita, "Neema, zinaanguka." Tukasimama wote wawili gizani mbele ya friji, tunazisikiliza zikigonga ndoo moja moja.

KULWA: Za kwanza mlizimwaga?

NEEMA: Tulizimwaga, kama ulivyosema. Za pili ndizo zilizokwenda kwenye deli la sato.