Mkaa wa Kuchomea Katika Hewa ya Tanga: Ukaushe Kwanza, Ndipo Uufunge

Asalaam aleikum, na kwa wengine hamjambo nyote. Naona wachoma mishikaki wa Ngamiani wapo, wauza pweza wapo, na mama zetu wa samaki kutoka Deep Sea nao wamefika. Karibuni mbele, maana kuna kitu cha kusikiliza kwa masikio.

Hapa mezani kuna vipande viwili vya mkaa kutoka gunia moja. Hiki nakigonga mezani: kinalia kama kigae. Hiki cha pili nakigonga vilevile: sauti nzito, imezama. Sasa kamata, dada, kiweke shavuni. Umeona ubaridi huo? Hayo ni maji. Gunia hilo halijanyeshewa hata tone. Limelala sakafuni tu, mdomo wazi.

Mkaa umejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukitoka tanurini una maji chini ya asilimia 1. Ukikaa wazi huvuta unyevu wa hewa mpaka asilimia 5, na penye hewa nzito hata 10. Ukinyeshewa ndiyo usiseme. Wengi wetu tunaiogopa masika peke yake: Machi turubai linatafutwa, Juni linakunjwa. Lakini hapa pwani hewa ya usiku na sakafu havina msimu. Kaskazi ivume au kusi, mkaa unalowa kimyakimya.

Kuna kauli mnaisema sana jikoni, kwamba mkaa wenye maji unakula moto wote. Hebu tuipigie hesabu. Chukua kilo 1 yenye maji asilimia 20: hapo una gramu 800 za mkaa na gramu 200 za maji. Mkaa huo hutoa joto la takriban megajuli 23. Kuyageuza maji yale kuwa mvuke kunahitaji kama nusu megajuli tu. Kwa hiyo joto linaloliwa na maji ni dogo. Kinacholiwa ni muda. Sehemu yenye maji haipandi nyuzi 100 mpaka maji yatoke, na wewe una wateja wamesimama. Unapepea, juu pamekuwa pekundu, chini pamelala. Unazidisha kupepea, majivu yanarukia nyama. Mvuke ulionaswa ndani ya kipande nao unatafuta njia, unakipasua, na hizo ndizo cheche zinazotoboa kanga za watu. Mwishowe mtu anakata tamaa anamwagia mafuta ya taa, na mshikaki unanuka taa.

Tuje kwenye gunia lenyewe. Mkaa mwingi unaoingia mjini kutoka Handeni na Kilindi huja lumbesa, juu umezibwa kwa majani na vijiti na kushonwa kwa kamba. Yale majani ndiyo ya kwanza kunywa maji na ya mwisho kukauka. Gunia likifika, siku hiyohiyo fungua, tupa majani, mwaga mkaa wote juu ya turubai. Usiuache ndani ya kiroba eti kwa sababu juu unaonekana mkavu; kitako cha gunia ndicho kinachokaa kwenye bodi la lori. Chekecha. Chengachenga na vumbi weka kando, kwani vinashika maji, vinaziba njia ya hewa jikoni, na vikirundikwa vingi vinaweza kupata joto vyenyewe. Vijinga, yaani vile vipande vya kahawia ambavyo havikuiva, navyo toa. Hivyo vitatoa moshi hata ukivianika mwezi mzima, kwa hiyo usiulaumu unyevu.

Kuanika kuna saa zake. Asubuhi na mapema umande bado upo, unaanika bure. Anza saa 4 asubuhi, tandaza tabaka moja, geuza mchana, anua saa 10 jioni kabla hewa haijaanza kuwa nzito. Siku mbili za jua kali hutosha kwa mkaa uliovuta unyevu wa kawaida; ulionyeshewa unataka zaidi, hasa vipande vinene, kwa sababu ngozi hukauka kabla ya kiini. Kujua umefika, tumia mizani. Jaza kikapu kimoja, pima, andika. Kesho jioni pima kikapu kilekile. Uzito ukiacha kushuka, umemaliza. Mizani ya kuning'iniza ya samaki inafaa kabisa, na ukiwa nayo utagundua jambo jingine: debe na gunia ni vipimo vya ujazo, maji hayakupunji sana hapo, lakini mfuko unaouzwa kwa kilo unakulipisha maji kwa bei ya mkaa.

Mkaa uliorushiwa maji ya bahari ni habari nyingine. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa pwani mara nyingi hupita hapo. Utauanika mchana utakauka, alfajiri umelowa tena. Huo usiuweke akiba wala usiuchanganye na mwingine. Utumie kwanza, mchana, ukitoka juani.

Sasa kuhifadhi. Kufunga hakukaushi, jamani. Ukiufunga mkaa wenye unyevu kwenye ndoo ya plastiki, maji yamo humo humo: mchana yanapanda kwenye mfuniko, usiku yanadondokea mkaa. Ndiyo maana nasema jua kwanza, mfuniko baadaye. Ukishakauka, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana inachukua kilo 4 mpaka 5, na pipa la lita 200 kilo 40 mpaka 50. Pipa lisiwe la petroli, oili wala dawa ya shamba. Mkaa hunyonya harufu kama unavyonyonya unyevu, na harufu hiyo itarudi kwenye samaki. Kwa sababu hiyohiyo dumu la mafuta ya taa lisikae chumba kimoja na mkaa, achilia mbali hatari ya moto.

Anayehifadhi kwa magunia, zege ni adui yake. Sakafu ya saruji inapandisha maji kutoka ardhini hata kama ukiigusa haina kitu. Weka chaga za mbao, gunia likae juu kama shibri moja kutoka sakafuni, na pengo la namna hiyo kutoka ukutani. Chini ya chaga tandika nailoni. Juu, angalia bati: alfajiri bati hutoa jasho na kudondosha, hivyo funika magunia kwa turubai lililoinuliwa kwa fito, lisilale juu ya mkaa, na pembeni liachie hewa. Madirisha fungua kuanzia saa 5 mpaka saa 10 jioni, hewa ikiwa nyepesi, halafu funga. Wengi hufanya kinyume, wanafungua usiku ili chumba kipumue, kumbe wanaukaribisha unyevu. Gunia la zamani litumike kabla ya jipya, na wakati wa masika usijaze chumba. Nunua kidogo unachoweza kukikausha.

Kwa wanaotumia mkaa mbadala, ule wa kubonyezwa kwa vumbi na uji wa muhogo, jihadharini zaidi. Mkaa wa miti au wa vifuu ukilowa utaanikwa, utarudi. Huu wa kubonyezwa ukilowa unavimba, unamung'unyika, na kuvu inaushika kwa sababu ya ule wanga. Pipa lenye mfuniko, basi.

La mwisho ni makaa yanayobaki usiku. Kuyamwagia maji ni kuharibu: yanapasuka, majivu yanagandamana juu yake kama uji, na kesho unaanza kuanika upya. Yazoe kwa koleo, yatie kwenye debe la bati, funika kwa mfuniko wa bati, weka nje juu ya tofali mbali na ukuta wa mbao. Hewa ikikatika yanazimika. Lakini kipande chaweza kuonekana kimekufa huku kiini bado kina moto, kwa hiyo usikirudishe stoo usiku huohuo. Acha siku nzima, kisha shika kitako cha debe kwa mkono. Kikiwa baridi, rudisha. Gunia ulilonunua likiwa limetoka tanurini moja kwa moja, lilaze nje saa 24 pia kabla hujaliingiza ndani. Na jiko lenye makaa lisiingizwe stoo kukausha mkaa wala kumpa joto mlinzi anayelala humo. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua mtu usingizini.

Haya, mizani ipo hapa nje na jua limeshakaza. Waliokuja na mkaa wao waulete tuupime.