Ndege anayekula ulimbo

NEEMA: Mwangaluka, Masanja!

MASANJA: Mwangaluka, dada. Leo umekuja na nini?

NEEMA: Kwanza nijibu. Utotoni ulitega ndege?

MASANJA: Nani hakutega? Kule Bwiru, Mwanza, juu ya mawe. Unakinga utomvu wa mkuyu, unautafuna mpaka unakuwa ulimbo, unapaka kijiti, unajificha kumsubiri shore. Mara nyingi unajinasa nywele mwenyewe.

NEEMA: Basi nina ndege ambaye ulimbo ndio chakula chake.

MASANJA: Acha fiksi.

NEEMA: Kweli. Anaitwa klorofonia. Wapo wa aina kadhaa, ila nimempenda mmoja wa misitu ya milimani, Costa Rica na magharibi mwa Panama, Amerika ya Kati. Costa Rica wanamwita rualdo. Ana sentimita 13 hivi, mdomo hadi mkia. Kijani chake ni kile cha jani la mgomba likiwa ndiyo kwanza linakunjuka, na dume ana nyusi za njano na utosi wa buluu.

MASANJA: Kapendeza. Na huo ulimbo?

NEEMA: Unakijua kirukia?

MASANJA: Ule mmea unaojiotea juu ya mti wa watu? Bibi akikiona kwenye mwembe wake tu, napandishwa na panga.

NEEMA: Ukiminya tunda lake, mbegu inatoka na ute unaonata kweli kweli. Rualdo anapenda matunda ya virukia vya kwao, na ya mikuyu ya porini. Sasa ndege wengi wana firigisi ya kusagia…

MASANJA: Firigisi kwetu ni ya baba. Watoto mnaangalia.

NEEMA: Kwa rualdo baba angelala njaa. Firigisi imenywea, imebaki utando tu. Tunda linapita mbio, mbegu haisagwi, inatoka nzima na ulimbo wake. Ikidondokea tawi imenata, inachipua hapo hapo.

MASANJA: Kwa hiyo analima kwa…

NEEMA: Sema tu, watoto wamelala.

MASANJA: …kwa makalio!

NEEMA: Huku kwetu kuna kitororo, yule mdogo anayegonga ton-ton-ton mchana kutwa utadhani fundi bati. Yeye ana adabu kidogo: mbegu anaitapika, halafu anafuta mdomo kwenye tawi.

MASANJA: Kumbe ndiye aliyenipandisha mwembe! Miaka yote nalaumu upepo.

NEEMA: Rualdo huficha kiota kwenye mimea midogo inayoota juu ya miti, makinda wanalishwa matunda anayoyacheua. Wataalamu zamani walimweka ukoo mwingine kabisa. Siku hizi yumo pamoja na chiriku.

MASANJA: Anaimba kama chiriku?

NEEMA: Hapo kuna hadithi ya wenyeji. Volkano ya Poás, huko Costa Rica, ilikasirika, ikataka binti atolewe kafara. Rualdo alikuwa rafiki wa yule binti, na sauti yake haikuwa na mfano. Akaipa volkano sauti ile ili binti apone. Volkano ikalia, machozi yakawa ziwa ndani ya kreta.

MASANJA: Ziwa la machozi. La kwetu lina sangara.

NEEMA: Na ukimsikia leo, ni mluzi mmoja wa chini, kama mtu anayekuita na hataki jirani asikie.

MASANJA: Bibi hakuwa hivyo. Akiniita nipande mwembe, alisikika mpaka Kirumba.